Redio ya zamani haisikii, haitoi, inavuma: pita hapa kwanza kabla hujanunua vali

Hizi redio za mawasiliano za mawimbi mafupi, za kusikiliza na kurusha, bado zipo nyingi tu huku Kigoma. Yaesu FT-101, Kenwood TS-520, FT-101ZD, mara moja moja na Drake, zimelala stoo za misheni, kwenye zahanati za zamani, kwa wazee waliofanya kazi ya simu ya upepo enzi hizo. Zingine zinaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu zikapimwa kwa kilo, na hilo linaniuma kweli maana nyingi hazijafa, zimechafuka tu.

Ukimuuliza mwenye nayo anakwambia "fundi, vali zimekufa", yaani zile chupa za kioo zinazowaka ndani. Sasa nani amezipima? Hamna aliyezipima. Mtu anaona redio ina vali, haifanyi kazi, basi lawama kwa vali, anaanza kuhangaika kuagiza nje kwa hela nyingi, zinafika, anachomeka, redio iko vile vile. Mimi nasema hivi, kwenye redio hizi vali uifikirie mwisho. Kwanza uchafu kwenye swichi na rilei (swichi zinazoendeshwa na umeme), pili kapasita (vitunza chaji) zilizokauka, tatu plagi na kadi zilizolegea, nne antena yenyewe, hapo ndo uje kwenye vali. Na usibadilishe kitu hujajua kama ndicho kinachoumwa.

Kabla hujafungua kifuniko

TS-520 ina kama volti 800 kwenye vali za mwisho (zile za kurusha), FT-101 kama 600. Hiyo inaua, sitanii. Na kuzima redio peke yake haitoshi, kapasita za pawa zinashika chaji, kuna rizista ya kuzimwaga lakini baada ya miaka 40 na zaidi hiyo rizista inaweza kuwa imekatika na hujui. Chukua rizista ya kilo-ohmu 10, wati 10, ifunge kwenye kijiti kikavu au bomba la plastiki, upande mmoja waya wa kubana kwenye chasisi, upande mwingine unagusisha kwenye chanya ya kapasita kwa sekunde kadhaa, alafu pima kwa mita mpaka uone iko karibu na sifuri. Mita yenyewe iwe inayoandikwa volti 1000, siyo vile vya bei chee ambavyo vinaishia 500. Vua pete, vua saa, mkono mmoja weka mfukoni, ndala za mpira miguuni na sakafu isiwe na maji.

Jambo lingine, usichomeke ukutani moja kwa moja redio iliyolala miaka. Kwanza angalia imepangwa volti ngapi, maana zilizotoka Japani nyingi ni volti 100, za Marekani ni 117 au 120, na sisi Tanesco ni 230, tena huku kwetu inapanda na kushuka inavyotaka. FT-101 inabadilishwa kwenye waya za trasfoma, kwa hiyo toa kifuniko uone kwa macho, usiamini stika ya nyuma wala maneno ya aliyekuuzia.

Ukishahakikisha, weka globu ya waya ya wati 100 iwe kwenye mfululizo na redio, yaani umeme upite kwenye globu kwanza ndo uende kwenye redio. LED na enajiseva hazifai kwa hili, lazima ile ya zamani yenye waya ndani, na kama umeikosa madukani nenda wanapouza vifaa vya kuku, bado wanaziuza kwa ajili ya kulea vifaranga. Zima swichi ya HEATER (inayopasha vali joto) mbele ya redio (volti kubwa bado zipo, usijisahau), washa. Globu ikiwaka sana mara moja alafu ikafifia, safi, kapasita zimejaa. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani kuna shoti na umeokoa trasfoma, ambayo ndo kitu usichoweza kupata tena kirahisi. Iache hapo kwenye globu nusu saa au zaidi, kapasita zilizolala muda mrefu zinahitaji kuamka taratibu.

Haiwaki, au fyuzi inaungua

Haiwaki kabisa: fyuzi, waya wa umeme, swichi, basi, nusu saa ya kazi. Fyuzi ikiungua tena, chomoa na pima daiodi za pawa moja moja ukiwa umenyanyua mguu mmoja, daiodi mbovu inasoma pande zote mbili. Kama daiodi nzima basi mara nyingi kapasita ya pawa imeshoti. Na tafadhali usifunge fyuzi kwa karatasi ya sigara au uzi wa waya, fyuzi ya 230 inatakiwa iwe kama nusu ya ile ya 117, kitabu kinasema, ukiweka kubwa trasfoma ndo inakuwa fyuzi.

Kuna kitu kimoja cha FT-101 kinachowatesa watu. Redio inawaka, taa za dayo (kitasa na namba za masafa) zinawaka, inasikia vizuri, lakini vali za mwisho hazitoi mwanga hata kidogo na mtu anasema zimekufa. Geuza nyuma. Pale kwenye soketi ya ACC kuna plagi ndogo ambayo ndani yake kuna waya wa kuunganisha, heta (nyaya za kupasha joto) za vali za mwisho zinapata umeme kupitia hapo. Plagi ikipotea vali hazipati moto. Watu wanahama nyumba, plagi inaanguka, redio inaitwa mbovu miaka kumi.

Inavuma

Punguza sauti mpaka sifuri. Mvumo ukibaki vile vile, tatizo liko kwenye pawa au hatua ya mwisho ya sauti. Ukipotea, liko nyuma zaidi. Alafu chukua simu, weka programu yoyote ya bure inayoonyesha masafa ya sauti, iweke karibu na spika. Hezi 100 ni kapasita za kuchuja pawa zimekauka. Hezi 50 ni kitu kingine, mara nyingi waya wa ardhi.

Kapasita mpya ziwe za nyuzi joto 105, mikrofaradi ile ile au juu kidogo, volti zisipungue. Kama pesa hamna, zile TV za kichogo zinazotupwa zina kapasita za volti 400 na 450 ila zipime kwanza maana nazo zimezeeka. Kwa volti 600 au 800 huwezi kuweka moja, unaziunganisha mbili kwa mfululizo na kila moja unaiwekea rizista yake ya kusawazisha, kilo-ohmu 100 hivi, wati 2 au zaidi. Ukiacha hizo rizista moja itabeba volti nyingi kuliko mwenzake na itapasuka. Na chunga chanya na hasi.

Haisikii

Hii ndo inayokuja zaidi, na ndo inayonifurahisha kuitatua, kwa sababu redio yenyewe inakupa jibu ukijua kuiuliza.

Kwanza RF GAIN, kitasa cha nguvu ya kupokea, iwe imefunguliwa mpaka mwisho. Nasema kwa sababu unakuta mtu ameshafungua redio nzima na kitasa kiko robo. Pili, uko bendi gani na saa ngapi? Mita 20 na 15 ni za mchana, mita 40 inaamka jua likizama, sasa ukisikiliza mita 15 usiku wa manane ukakuta kimya siyo ugonjwa huo.

Alafu washa kalibreta. FT-101 na TS-520 zote zina kalibreta ya kristali ndani, inatoa mlio kila baada ya kilohezi 25, au 100 kutegemea umechagua nini. Zungusha dayo taratibu. Mlio ukija kwa nguvu na sindano ya mita ikapanda, redio yako inasikia, shida iko njia ya antena. Mlio ukija kwa mbali sana au usije, shida iko ndani. Swali moja tu na umeshagawa kazi nusu.

Mzee mmoja wa Ujiji aliniletea TS-520 akiwa ameshapanga kuagiza vali. "Shikamoo mzee." "Marahaba fundi. Hii imekuwa kiziwi, vali zimekwisha." Nikamwambia mzee wangu vali za mwisho ni za kurusha, kusikia hazihusiki kabisa, hata ukizichomoa redio itasikia. Tukawasha kalibreta, mlio mkubwa tu. Nikabonyeza maiki sekunde moja nikaachia, ghafla stesheni zikaingia, alafu zikafifia tena. Hiyo dalili ukiiona usitafute zaidi. Ni rilei ya antena.

Kuisafisha ni hivi. Zima, chomoa, mwaga chaji. Rilei nyingi za redio hizi zina kifuniko cha plastiki cha kuona ndani, zingine zimechomekwa kwenye soketi unazivuta tu. Kata ukanda mwembamba wa karatasi nyeupe ngumu, ya bahasha nzuri inafaa, ichovye kwenye spiriti, ipitishe katikati ya vinundu viwili vinavyogusana, vibane kidogo kwa kidole na uvute karatasi. Inatoka na mstari mweusi. Rudia na karatasi safi mpaka mstari usionekane, malizia na karatasi kavu. Usitumie msasa wala kisu, vinundu vimepakwa madini yanayogusana vizuri, ukikwangua umeondoa na baada ya miezi michache itarudi mbaya kuliko mwanzo. Ile ya mzee ilitoa mistari myeusi kama masizi ya sufuria, na jioni ile ile alikuwa anasikiliza mita 40 anatabasamu, hela ya vali ikabaki mfukoni.

Kama kalibreta haisikiki, nenda swichi ya bendi. Hewa ya ziwa huku ina unyevu na fedha ya kwenye swichi inafanya weusi. Pulizia kisafisha swichi cha umeme kidogo sana moja kwa moja kwenye vinundu, zungusha kushoto kulia mara nyingi. WD-40 hapana, inaacha mafuta, mafuta yanakamata vumbi. Petroli ndo kabisa usiguse. Kwenye FT-101 kadi zinachomeka kwenye soketi, zichomoe moja moja, futa meno yake kwa ufutio wa penseli, pangusa na spiriti, rudisha. Hapo tu zimefufuka redio nyingi. Vitasa vya sauti vinavyokwaruza dawa ni hiyo hiyo.

Kama ukiziwi ulianza baada ya radi, na Kigoma msimu wa mvua mnajua wenyewe, fikiria transista ya kwanza ya RF, ile inayopokea mawimbi ya antena, zile za familia ya 3SK. Zinakufa haraka kwa umeme wa angani. Jaribu kupitisha antena kupitia kapasita ndogo ya pikofaradi 100 hivi mpaka hatua inayofuata, kwa kuifuata kwenye mchoro. Stesheni zikija umempata. Baadhi ya redio za miaka hiyo zina kiglobu kidogo kwenye njia ya antena ya kupokea kikiwa kama fyuzi, kipime kabla hujagusa transista. Na kuanzia sasa mawingu yakitanda upande wa Kongo chomoa kebo ya antena uitoe nje ya nyumba, usingoje ngurumo.

Inasikia kelele tu

Chomoa antena. Kelele ikibaki iko ndani ya redio. Ikipotea inatoka nje, na nje ni sehemu mbili. Moja ni radi za mbali, mashariki ya Kongo ni kati ya sehemu zenye radi nyingi sana duniani, nasi tunatazamana nayo hapo ng'ambo ya ziwa, kwa hiyo kwenye mita 80 na 40 usiku wa masika utasikia kupasuka pasuka na hamna fundi wa kuliondoa hilo. Nyingine ni chaja za simu, taa za LED, inveta na hasa vile vidhibiti chaji vya sola. Washa redio kwa betri ya gari kama ina sehemu ya volti 12, zima umeme wa nyumba nzima kwenye swichi kubwa, sikiliza. Rudisha kimoja kimoja. Sola ya jirani nayo ina sauti yake, inaanza asubuhi na inazimika jua likizama, ndo utaitambua.

Haitoi nguvu, au vali zinakuwa nyekundu

Hapa ndo tunafika kwenye vali sasa. Na kabla ya kurusha uwe na leseni ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano Tanzania), wewe au mwenye redio, majaribio yote fanya kwenye rizista ya ohmu 50 inayomeza nguvu, siyo kwenye antena.

Angalia vali kwa macho. Heta inawaka rangi ya chungwa? Kileleni au ubavuni mwa kioo kuna doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia. Doa likiwa la fedha au jeusi jeusi, hewa haijaingia. Likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia na hiyo vali imekufa kweli, hapo nunua. Ni kipimo cha bure, na watu wanakiruka.

Kama ziko sawa, soma mkondo wa kutulia, yaani ule wa vali zikiwa hazirushi sauti. Weka swichi ya aina ya mawimbi kwenye USB (siyo ile ya simu), maiki gain sifuri, bonyeza maiki, mita iwe kwenye IP kwa TS-520 au IC kwa FT-101. FT-101 na TS-520 zote zinatakiwa zisome miliampia 60. Zikiwa chini, kuna kitasa cha bayasi cha kurekebisha, yaani volti hasi ya gridi, sehemu ya ndani ya vali inayozuia mkondo. Zikiwa juu sana na kitasa hakisaidii, achia haraka zima, maana gridi imepoteza volti yake hasi. Sahani ya ndani ikianza kuwa nyekundu ni hivyo hivyo, zima kwanza, mengine baadaye, sekunde chache zinatosha kuua jozi nzima.

Chanzo cha hiyo mara nyingi ni kapasita ndogo inayounganisha vali ya dreva (inayosukuma zile za mwisho), ile 12BY7A, na gridi za vali za mwisho. Upande mmoja ina volti mia kadhaa chanya, upande mwingine gridi yenye volti hasi. Ikivuja kidogo tu, chanya inapenya inafuta hasi, vali inavuta mkondo bila breki. Ibadilishe hata kama inaonekana nzima kwa mita, maana mita inaipima kwa volti chache na yenyewe inavuja ikibanwa na mia tatu. Weka ya seramiki au maika ya kilovolti 1, thamani ile ile ya kwenye mchoro. Ni senti kidogo ukilinganisha na jozi ya 6JS6C, ambazo asili yake zilikuwa vali za televisheni na siku hizi ni adimu kwelikweli. TS-520 ina nafuu kidogo, inatumia S2001 ambazo ni ndugu wa 6146.

Ukibadilisha vali, badilisha mbili kwa pamoja za aina moja, na fanya nyutralaizesheni upya (marekebisho ya kuzuia vali zisijirushe zenyewe), hasa FT-101 ukiweka za Marekani mahali pa za Kijapani. Utajuaje imekosewa? Zungusha kitasa cha PLATE ukitazama vitu viwili. Mkondo unashuka mpaka chini kabisa mahali fulani, na nguvu inapanda mpaka juu kabisa mahali fulani. Mahali hapo pawe pamoja. Pakiachana, haiko sawa. Na ukitune, sekunde 10 mwisho, achia, pumzisha, rudia.

Nguvu ndogo lakini mkondo uko sawa? Kitasa cha DRIVE hakijakaa kwenye kilele, au dreva imechoka, au kitasa cha LOAD kimekaa vibaya. Sauti haitoki lakini CW (mlio wa morse) inatoka? Maiki. Redio hizi zinataka maiki ya ukinzani mkubwa, ya kompyuta haifai hivi hivi, na waya za plagi ya pini nne hazifanani kampuni na kampuni.

Jambo la huku kwetu: angalia wadudu. Nyigu wa udongo wanajenga ndani ya feni na kwenye plagi za antena zilizoachwa wazi, mjusi akipita kwenye volti 800 anaungua na anaacha mkaa unaopitisha umeme. Ukiona weusi kwenye plastiki ya soketi ya vali, kwangua mpaka pawe safi, kupangusa tu haitoshi.

Masafa yanatembea

Dakika 20 hadi 30 za mwanzo acha ipate joto, ni kawaida. Baada ya hapo ikiendelea kutembea taratibu upande mmoja, pima volti inayolisha VFO (sehemu inayotengeneza masafa) ulinganishe na mchoro, ikiyumba ni daiodi ya zena au transista ya kurekebisha volti. Ikiruka ghafla ukigusa dayo au ukigonga meza, ni vibati vya kugusia ardhi kwenye kapasita ya kuzunguka, vimeota uchafu. Tone moja la kisafisha swichi kwenye ekseli pale vinapogusa, zungusha mwanzo hadi mwisho mara nyingi, kausha. Dayo ikiwa nzito ni grisi imeganda, itoe kwa spiriti na uweke mpya kidogo.

Mwisho weka kalibreta sawa. FT-101 ina nafasi ya WWV, stesheni ya saa ya Marekani, kwenye swichi ya bendi, megahezi 10. Usiku hali ikiwa nzuri stesheni ya saa inafika mpaka huku, utasikia tiki tiki za sekunde. Washa kalibreta juu yake, kuna kapasita ndogo ya kurekebisha kwenye kadi yake, izungushe kwa bisibisi ya plastiki mpaka ule mlio wa kupigana ushuke, ushuke, upotee.